Kalamu Kumi na Mbili za Mjomba Danstan

"Dada, wewe nenda kwa amani. Nipe mgomba mmoja na siku tatu, nakutolea hata pikipiki, na taa inawaka."

Ndivyo alivyosema Danstan Jumanne asubuhi, ameegemea mlango wa jiko, anahamisha kiazi cha moto kutoka kiganja hiki kwenda kile. Maneno kama hayo yalimtoka kwa urahisi. Tangu amalize kidato cha nne alikuwa akikaa kwa dada yake hapo Murusagamba, na kwa miezi saba kitu pekee alichokitengeneza kwa mikono yake kilikuwa kijiti cha kuchokonolea meno.

Yuster, dada yake, hakucheka. Alikuwa anafunga mzigo wa kwenda Nyarubungo, kule Biharamulo, ambako mama mkwe wake alikuwa ameteleza njia ya kisimani na kuumia nyonga. Watoto wawili alikuwa anawaacha nyumbani: Anneth wa miaka sita, anayesoma darasa la awali, na Suzan wa miaka mitatu, ambaye hasomi popote ila anajua kila kitu.

"Sitaki pikipiki," alisema Yuster. "Nataka kazi ya shule ya huyu mtoto. Ijumaa wanafunga, na mpaka siku hiyo wa awali hawaingii darasani. Kila mtoto anatakiwa aende na kitu alichotengeneza nyumbani pamoja na mtu wa kwao, kwa vitu vya shambani tu, hakuna kununua. Ni kitu gani, Anneth atakwambia. Jana aliniambia nikiwa na gunia la maharage kichwani, hata sikushika. Na wewe unajua kwa nini lazima kipendeze."

Danstan alijua, tena sana. Darasa la awali lilikuwa linatafuta mwalimu wa kujitolea, na yeye alikuwa ameshapeleka barua, mwandiko wa kulalia upande, mistari miwili chini ya jina lake. Mwalimu Bernadetha alikuwa ameisoma yote, akaikunja, akasema: "Barua nzuri. Lakini barua haifundishi watoto. Siku ya kufunga nitaangalia mtoto wa nyumbani kwako ameleta nini, na ameletaje. Hapo nitajua kama unaweza kukaa na watoto." Akiikosa nafasi ile, shemeji yake alikuwa ameshamtafutia nyingine: kusukuma baiskeli za ndizi kutoka shambani hadi barabarani, mlima wote ule, Mungu akipenda mpaka uzee.

Basi Yuster akaondoka. Danstan akamalizia kiazi, akafuta mikono, akamwita Anneth mbele yake kama mkaguzi.

"Haya. Mwalimu amesema mpeleke nini?"

"Karamu," alisema Anneth.

Danstan alifumba macho kama mtu aliyeguswa jino bovu.

Hapa inabidi tumtendee haki kidogo. Kwa Kihangaza, lugha ya huku, kalamu ni ikaramu, na ukikaa Murusagamba mwaka mmoja tu utasikia watoto mia wakiomba karamu ya kuandikia, na watu wazima wakienda kurara, na mwenyekiti akitangaza siku ya kupiga kula. Danstan alikuwa amepata B ya Kiswahili. Masomo mengine tuyaache yapumzike, lakini Kiswahili alipata B, na tangu matokeo yatoke alikuwa anatembea kijijini akiwasahihisha watu r na l kama polisi anayesimamisha pikipiki zisizo na taa.

"Anneth, mama, si karamu. Ni kalamu. La. Ulimi juu. Sema la."

"La. Lakini mwalimu alisema karamu."

"Mwalimu alisema kalamu, wewe ukasikia kwa masikio ya nyumbani. Karamu ni watu wamekaa wanakula pilau na soda. Sasa nyinyi wa awali mtaandaa karamu kwa kitu gani? Matope?"

Uso wa Anneth ukang'aa. "Ndiyo!"

"Ndiyo nini?"

"Matope, mjomba! Na majani!"

Danstan alicheka mpaka akakaa chini. Suzan naye akacheka, bila sababu, kwa sababu mjomba kacheka. Anneth peke yake hakucheka. Alisimama ameshika pindo la gauni, anamtazama mjomba wake kama mtu anayesubiri kelele za gari zipite ili amalizie alichokuwa anasema. Kelele hazikupita.

"Mwache mtoto amalize," ilisema sauti kutoka upande wa jua. Alikuwa Secilia, jirani, mama yake Juvenali wa darasa la kwanza. Wiki hiyo alikuwa anapepetea maharage yake uwanjani kwa Yuster, maana kwake mwenyewe kuna mteremko, na maharage yakianguka yanaishia kwa watu wengine. "Huenda ana neno."

"Shikamoo, mama Juvenali, na samahani sana," alisema Danstan. "Lakini jana jioni umeniaga unakwenda kurara. Kweli tukuamini kwenye herufi?"

"Marahaba," alisema Secilia, akarusha maharage juu kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Alibaki pale pale, ungo mkononi, na masikio hayana likizo.

Danstan angeweza kumpigia mwalimu simu. Namba alikuwa nayo, na salio alikuwa nalo. Lakini mtu anayeomba kazi ya kufundisha anampigiaje mwalimu kumwuliza maana ya neno? Akairudisha simu mfukoni, akachukua panga, akateremka bondeni kukata matete.

Mpango wake ulikuwa mzuri kichwani. Tete ni bomba tayari, unalichonga ncha, unalipasua kidogo katikati, unachovya wino, unaandika. Alikuwa amesoma mahali kwamba watu wa zamani waliandika hivyo. Ambacho hakikuandikwa ni kwamba matete ya Juni, mvua zikishakata, hupasuka ukiyaangalia vibaya. La kwanza lilipasuka hadi mwisho. La pili likapasuka. La tatu likachongeka vizuri, likavutia kabisa, akaliinua juu awaonyeshe watoto, likapasuka. La nne halikupasuka. Kisu ndicho kilichoteleza kikaingia kidoleni.

"Mjomba unatoka damu," alisema Suzan, kwa furaha.

"Naona."

"Nyingi."

"Suzan, naona!"

Alipogeuka kutafuta kitambaa, akakuta wenzake wana shughuli yao. Chini ya mgomba, Anneth alikuwa ametandika jani bichi, na juu yake amepanga vitu vya udongo wa kichuguu: ndizi tano zilizopinda vizuri, donge la ugali lenye shimo la kidole katikati, na kitu chenye macho mawili ya maharage ambacho huenda kilikuwa samaki. Pembeni kulikuwa na ganda la parachichi limejaa maji, na maua ya manjano yanaelea ndani. Suzan alikuwa amepewa kazi ya kufukuza nzi, ambao walikuwepo kwa kudhaniwa.

"Hii nini sasa?" alisema Danstan. "Mimi natoka damu kwa ajili ya kazi yako ya shule, wewe unacheza matope?"

"Si kucheza, mjomba. Hii ndiyo..."

"Hii ndiyo uchafu. Tupa. Nawa mikono, uje ushike hili tete nichonge."

Alilikunja jani lile mwenyewe na kulirusha kwenye shimo la taka, ndizi, ugali, samaki na yote. Anneth alinawa mikono polepole sana, kidole kimoja kimoja, kama anayetafuta kitu kati yake. Kwenye ungo wa Secilia maharage yaliacha kulia kwa muda, kisha yakaendelea.

Jumatano Danstan aliamka na wazo la manyoya. Wazo hilo lilikuwa na mwenyewe, jogoo mwekundu wa Secilia, ambaye hakushirikishwa. Walimkimbiza kuzunguka nyumba, kuzunguka choo, katikati ya mihogo, na hapo kwa mara ya kwanza wiki hiyo Anneth alicheka. Jogoo aliruka juu ya lundo la maharage yaliyopepetwa, akayatawanya uwanja mzima, akapotelea migombani na manyoya yake yote, isipokuwa mawili.

"Danstan," alisema Secilia, ameshika kiuno.

"Mama, ni kwa ajili ya elimu."

"Elimu itaokota haya maharage?"

Waliyaokota wote wanne, mpaka jua likawa kichwani. Manyoya yenyewe, ukiyachovya, yalikunywa wino na kuumwaga wote mahali pamoja. Na wino ulikuwa shida nyingine. Makaa ya kusaga na maji yalichuruzika kwenye karatasi kama machozi ya mtu mwenye wanja. Majani ya maboga yalitoa rangi, lakini ilikauka ikaondoka zake.

Ndipo akakumbuka utomvu wa mgomba. Kila mama wa Murusagamba anawakataza watoto kwenda migombani na nguo za kanisani, kwa sababu utomvu ukigusa nguo unageuka mweusi, na hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Wino gani zaidi ya huo? Alikata shina la mgomba, akakinga utomvu kwenye kikombe, akachovya unyoya, akaandika kwenye daftari kuukuu: A. Mstari ulionekana kidogo, halafu mbele ya macho yao ukaanza kuwa wa kahawia.

"Unaona!" alipiga kelele. "Unaona mjomba wako!"

Ushindi ukimjaa mtu namna hiyo, humtuma mambo. Ulimtuma Danstan ndani akavae shati lake jeupe, lile aliloliweka kwa ajili ya Ijumaa, ajaribu kusimama mbele ya watoto kama mwalimu. Akasimama mbele ya Anneth, Suzan na mbuzi mmoja aliyefungwa, kikombe mkono wa kushoto, unyoya mkono wa kulia.

"Darasa, hii ni nini?"

"Unyoya," alisema Anneth.

"Hii ni ka... ka... haya, malizia."

Anneth alikaza midomo.

"Ka-la-mu! Sema."

"Karamu," alisema Anneth, kwa sauti ndogo. "Mwalimu alisema karamu ya kula. Wazazi watakaa chini, na sisi tutawa..."

"La! La! Si ra! Mimi nimesoma, wewe uko awali, nani anajua?" Na katika kuunyoosha mkono kuonyesha nani anajua, alikisukuma kikombe. Utomvu ulimwagika kifuani, ukateremka taratibu hadi mfukoni.

"Rete maji!" alipiga ukelele. "Haraka! Rete sabuni!"

Kutoka kwenye ungo ikaja sauti: "Rete?"

"Mama Juvenali, tafadhali."

"Mimi nimeuliza tu. Nilidhani nimesikia kwa masikio ya nyumbani."

Alifua lile shati mpaka jua likashuka. Doa lilipauka kidogo, likafikiri, likarudi jeusi zaidi, na sura yake ilikuwa kama ramani ya ziwa.

Alhamisi hakukuwa na utani tena. Danstan alikuwa na kidole kimefungwa, shati limeharibika, na siku moja. Alikaa chini toka asubuhi na vijiti vya uti wa majani ya migomba, vile vikavu vilivyo vigumu, akachonga, akavunja, akachonga. Alivifunga kamba za mgomba mashikioni, moja ya kahawia, moja nyeupe, akizisuka kwa zamu kama alivyoona wanawake wanavyosuka vikapu, ila wao mikono yao inawasikiliza. Kamba zilifunguka. Akazilowesha, zikafunguka zikiwa zimelowa. Aliitukana kamba moja kwa jina la mwalimu wake wa hesabu. Mara mbili alimwita Anneth aje washirikiane, kwa sababu agizo lilisema pamoja, na mara mbili alimnyang'anya kijiti: "Unakaza sana. Unalegeza sana. Basi kaa hapo uangalie."

Saa kumi alikuwa na kalamu kumi na mbili. Na kusema kweli zilipendeza. Ungeziona sokoni ungesimama.

"Sasa," alisema, "mwalimu akikuuliza umeleta nini, unasemaje?"

Anneth aligeukia uzio.

"Hakuna kwenda kuruka kamba na wenzako mpaka useme."

Nje ya uzio wasichana wa jirani walikuwa wanaruka na kuhesabu kwa sauti. Anneth aliwasikiliza wakifika ishirini, wakaanguka, wakaanza upya. Akaingiza vidole mdomoni, akaushika ulimi wake na kuuvuta juu, kama mtu anayesogeza kiti kizito. Machozi yalikuwa tayari yanashuka.

"Ka-la-mu," alisema.

"Tena."

"Kalamu. Kalamu. Kalamu."

"Umeona? Siku tatu tu!" Danstan alipiga makofi. Aligeuka kumtazama Secilia ili apate japo shahidi wa ushindi wake. Secilia alikuwa anafunga gunia la maharage, na hakuinua uso.

Ijumaa Danstan alivaa lile shati, akabana daftari kifuani kufunika doa. Alimbeba Suzan mgongoni, akamshika Anneth mkono, na Anneth alibeba kalamu zimefungwa kwenye jani kavu la mgomba, uzi umepigwa fundo la kishua.

Alianza kuhisi jambo baya wakiwa bado getini. Chini ya miti ya shule kulikuwa na mikeka imetandikwa kwa duara. Wazazi walikuwa wamekaa chini, miguu wamekunja, na watoto wa awali walikuwa wanapita kati yao na sinia za majani. Ugali wa udongo. Mikungu midogo ya ndizi za udongo. Samaki wa magome ya miti, magamba yake mbegu za maboga. Mtoto mmoja alikuwa na sufuria ya kibuyu na wali wa mchanga mweupe, anawapakulia watu kwa kijiko cha ganda, anasema, "Karibu, mzee, kula, usione haya." Na wazee wazima walikuwa wanajilamba vidole. Juu ya mlango wa darasa, kwa chaki, kwa mwandiko mkubwa usio na shaka yoyote, palikuwa pameandikwa: KARIBUNI KWENYE KARAMU YETU.

Danstan alisoma mara mbili. Hata kwa B ya Kiswahili, haikubadilika.

Anneth naye aliona. Hakulia. Alienda mpaka mkeka wa mwisho, mahali ambapo jina lake lilikuwa limeandikwa kwa kokoto, akakaa, akafungua jani. Mtoto wa mkeka wa jirani akanyoosha shingo.

"Mwalimu! Anneth ameleta kalamu! Watu watakula kalamu?"

Kicheko kikaanzia kwa watoto, kikapita kwa wazazi. Hakikuwa kibaya, kilikuwa cha siku ya kufunga shule tu, lakini Anneth aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti.

Mwalimu Bernadetha alikuja na daftari lake, akachuchumaa mbele ya mkeka. Aliokota kalamu moja, akaigeuza.

"Zimesukwa vizuri," alisema. "Anneth, mama, umezisuka wewe?"

Anneth akatikisa kichwa: hapana.

"Nilipowaagiza Jumatatu, nilisema mlete nini?"

Anneth aliinua macho, lakini kabla hajafungua mdomo, Danstan alikuwa ameshatangulia mbele, kicheko cha barua ya maombi usoni.

"Mwalimu, shikamoo. Unajua watoto wetu wa huku, hii r na l ni tatizo kubwa. Mtoto alikuja akaniambia kalamu. Kalamu, kabisa, na la yake. Mimi ningefanyaje? Nikafuata alichosema mtoto. Ndiyo maana naomba sana kuja kusaidia hapa, tuanze nao mapema."

Mwalimu aliandika kitu. "Kwa hiyo ni yeye aliyekosea kusikia."

"Ni mtoto tu, mwalimu. Tusimlaumu."

"Alisema karamu," ilidakia sauti kutoka mikekani.

Secilia alikuwa amekaa mkeka wa tatu, sahani ya jani mapajani, wali wa mchanga haujamalizika. Alikuwa amemfuata Juvenali wake wa darasa la kwanza, akakaribishwa mkekani, na hakusimama, wala hakupandisha sauti.

"Nilikuwa pale, mwalimu. Napepeta. Jumanne alisema karamu. Jumanne hiyo hiyo akaipika, ndizi, ugali na samaki, akaitandika vizuri kuliko hizi zote, na huyu bwana akaitupa shimoni. Jumatano akasema tena, karamu ya kula, akataja mpaka wazazi kukaa chini. Jana alasiri ndiyo akasema kalamu. Alilia kwanza."

Watu waliokuwa wanajilamba vidole waliacha. Daftari la Danstan lilikuwa limeshuka bila yeye kujua, na doa lote lilikuwa nje.

"Mama Juvenali anatania," alisema. "Sisi ni majirani, tunataniana sana."

Mwalimu Bernadetha hakumtazama yeye wala Secilia. Alikuwa bado amechuchumaa, uso wake sawa na uso wa mtoto.

"Anneth," alisema taratibu. "Niambie wewe. Nilisema mlete nini?"

Anneth alimgeukia Danstan, akamtazama kuanzia kwenye doa mpaka machoni.

"Mjomba," alisema, "nijibu ile yako, au ile ya mwalimu?"